Msimu wa kwanza katika timu ndogo ya langalanga: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapenzi wa langalanga wa Dodoma na Kanda ya Kati kwa ujumla, hasa walioanza kufuatilia Formula 1 juzi juzi. Maswali mengi tunayopokea yanazunguka palepale: dereva mgeni, timu haina hela, msimu unaisha hana hata pointi moja, sasa watu wanamsifia nini? Tumejibu kwa kutumia zaidi msimu mmoja, ule wa dereva Mhispania Fernando Alonso na timu ndogo ya Minardi mwaka 2001, kwa sababu hatujaona mwingine unaolieleza jambo hili vizuri kama huo.

Timu ndogo maana yake nini? Si wote wanaendesha magari ya Formula 1?

Ndiyo, lakini magari hayafanani. Kila timu inatakiwa isanifu bodi yake yenyewe, na injini inatengeneza au inanunua kwa mwingine. Hapo ndipo pesa inapoongea. Mwaka 2001 Ferrari walikuwa wanatengeneza kila kitu wenyewe, injini kwa bodi, na walikuwa na uwanja wao wa majaribio pale Fiorano, jirani na kiwanda. Minardi walikuwa na karakana Faenza, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, na injini ya Ford ya muundo wa miaka kadhaa nyuma. Hata jina la Ford halikuwepo juu yake. Ilibandikwa jina European, kutoka kampuni ya ndege ya mmiliki mpya wa timu.

Kwa mtu wa hapa, fikiria Dodoma Jiji wakiwakaribisha Simba au Yanga pale Jamhuri. Sheria ni zilezile, uwanja ni uleule, dakika ni 90 kwa wote. Lakini kijana wa Dodoma Jiji akimpita beki wa Yanga mara tatu kwenye mechi waliyofungwa mbili bila, skauti anayejua kazi yake ameshaandika jina.

Alonso alifikaje Minardi?

Alizaliwa Oviedo, Hispania, tarehe 29 Julai 1981. Baba yake alikuwa fundi kiwandani, na gokati (kigari kidogo cha mashindano) ya kwanza aliyopanda ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya dada yake mkubwa. Dada hakuvutiwa, mdogo mtu akaichukua. Mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa gokati kwa vijana. Mwaka 1999 akachukua ubingwa wa mashindano ya magari ya Nissan kule Hispania, na zawadi mojawapo ikawa kulijaribu gari la Minardi. Mwaka 2000 aliendesha Formula 3000, daraja lililokuwa chini tu ya Formula 1, akashinda pale Spa, Ubelgiji, na kumaliza msimu akiwa wa nne.

Mbio zake za kwanza za Formula 1 zilikuwa Melbourne, Australia, tarehe 4 Machi 2001. Alikuwa na miaka 19.

Alipata pointi ngapi msimu huo?

Sifuri. Timu nzima ilipata sifuri na ikashika mkia.

Sasa kwa nini mnamsifia?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo.

Kwanza uelewe pointi zilivyogawiwa enzi hizo. Walioingia sita bora tu ndio walioambulia kitu: 10, 6, 4, 3, 2, 1. Ferrari, McLaren na Williams walikuwa na magari mawili kila timu, jumla sita. Ili dereva wa Minardi apate pointi moja, ilibidi angalau mmoja wa wale sita aharibikiwe, halafu awapite wote wengine wenye magari mazuri kuliko lake. Siku hizi wanaolipwa ni kumi bora. Matokeo bora ya Alonso mwaka ule yalikuwa nafasi ya 10 pale Hockenheim, Ujerumani. Kwa hesabu ya leo hiyo ni pointi. Kwa hesabu ya 2001, hakuna.

Kwa hiyo jedwali la pointi halikusaidii kumpima dereva wa aina hii. Kipimo cha kwanza ni mwenzake wa timu, maana ndiye mtu pekee uwanjani mwenye gari kama lake. Melbourne mwenzake alikuwa Mbrazili Tarso Marques, mtu mzima aliyekwisha kuendesha Formula 1 misimu ya nyuma. Kwenye mbio za kufuzu Alonso, mgeni kabisa, alishika nafasi ya 19 na kumwacha Marques kwa zaidi ya sekunde mbili na nusu katika mzunguko mmoja. Wanaofuatilia wanajua kwamba wenza wa timu hutofautiana kwa sehemu za kumi za sekunde, na nusu sekunde tayari ni habari. Sekunde mbili na nusu ilikuwa kama vile wanaendesha magari ya viwanda tofauti.

Kulikuwa pia na sheria ya asilimia 107. Muda wako wa kufuzu ukizidi asilimia 107 ya muda wa aliyeongoza, huruhusiwi kuanza mbio. Kama kinara ametumia sekunde 90, wewe usizidi sekunde 96.3. Marques alizidi kiwango hicho na ilibidi waamuzi wampe ruhusa maalumu. Alonso, kwa gari hilohilo, alipita bila kumwomba mtu. Jumapili akamaliza wa 12, wakati magari mengi ya bei kubwa yalikuwa yameshakwama au kugonga.

Kumbuka na mazingira ya timu. Paul Stoddart, mfanyabiashara wa Australia, aliinunua Minardi mwanzoni mwa mwaka uleule, wiki chache kabla ya mbio, wakati watu wengi walishaamini imekufa. Gari lilikamilishwa mbiombio. Ukiona gari la namna hiyo linamaliza mbio za kwanza, heshimu mafundi kabla ya dereva.

Kuna mbio moja ya msimu ule ambayo mngetushauri tuitafute?

Suzuka, Japani, mbio ya mwisho. Alonso alimaliza wa 11. Nyuma yake walikuwepo Heinz-Harald Frentzen akiwa na timu ya Prost na Olivier Panis akiwa na timu ya BAR, madereva waliokwisha kushinda mbio za Formula 1, na wote wawili wakiwa kwenye magari yenye nguvu kuliko Minardi. Suzuka ni uwanja wa kona ndefu zinazofuatana kushoto na kulia, na ukikosea ya kwanza, zote zinazofuata zimeharibika. Injini peke yake haikubebi pale. Ndiyo maana sisi tunaamini siku ile ndiyo iliyoeleza zaidi yeye ni nani.

Nikimtazama dereva wa nyuma naona anapisha wenzake tu. Hiyo nayo ni kazi?

Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Akikaribiwa na kinara anayemzidi mzunguko mzima, waamuzi wanampepea bendera ya bluu, na anapaswa kupisha haraka. Akipuuza, anaadhibiwa.

Tazama kinachotokea kwenye kupisha kwenyewe. Kila uwanja una njia moja ambayo magari yote hupita kwa sababu ndiyo ya haraka. Lami yake imeshashika mpira na inang'ata matairi. Pembeni ya njia hiyo kumejaa vipande vidogo vya mpira vilivyobanduka. Dereva mdogo anatoka pembeni kumpisha mkubwa, matairi yake yanaokota vile vipande na kuwa kama yamepakwa kokoto. Kona inayofuata gari linateleza, anapunguza mwendo, matairi yanapoa, breki zinapoa. Inamchukua kona kadhaa kurudi kwenye hali yake, na kabla hajarudi, bendera ya bluu nyingine inapepea. Kwa dereva wa Minardi hilo lilimkuta mara nyingi ndani ya mbio moja. Anayeweza kupoteza muda mchache zaidi pale, bila kumharibia kinara na bila kulipasua gari lake, ana akili ya mbio. Mtu wa namna hiyo anaendesha huku anasoma vioo.

Kamera haimfuati dereva huyo. Ukitaka kumwona, angalia orodha ya muda iliyo upande wa skrini.

Kama alikuwa mzuri hivyo, mbona timu kubwa hazikumchukua moja kwa moja?

Walimchukua, ila kwa njia ya mzunguko. Mwaka 2002 hakushindana kabisa. Alikuwa dereva wa majaribio wa Renault. Mwaka 2003 akapewa kiti, na Agosti mwaka huo akashinda Hungaria, wakati huo akiwa dereva mdogo kuliko wote waliowahi kushinda. Mwaka 2005 na 2006 akawa bingwa wa dunia, akikatisha mfululizo wa mataji matano ya Michael Schumacher.

Mlinganishe na Kimi Räikkönen, aliyeanza siku ileile pale Melbourne akiwa na Sauber. Sauber nayo haikuwa timu kubwa, lakini ilitumia injini ya Ferrari na gari lake la mwaka ule lilikuwa zuri mno. Räikkönen alikuwa ameshiriki mbio 23 tu za magari maishani mwake, na kulikuwa na ubishi kama apewe leseni. Akaingia sita bora siku ya kwanza, na mwaka uliofuata akahamia McLaren. Mwaka 2007 naye akawa bingwa. Vijana wawili, vipaji vikubwa vyote, mmoja akamaliza msimu na pointi 9 na mwingine na sifuri. Usimlaumu mtu kwa gari alilopewa.

Inawezekana mgeni wa timu ndogo kupanda jukwaani, yaani kumaliza tatu bora?

Inawezekana, na mara nyingi mvua inahusika.

Mfano unaotajwa zaidi ni Ayrton Senna mwaka 1984 akiwa na Toleman. Pointi yake ya kwanza aliipatia hapa hapa Afrika, Kyalami, Afrika Kusini, katika mbio yake ya pili tu. Gari liliharibika sehemu ya mbele mapema, usukani ukawa mzito, na alipomaliza wa sita alikuwa hoi kiasi cha kusaidiwa kutoka ndani ya gari. Kyalami iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari; sisi Dodoma tuko kama mita 1,100. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini inapata pumzi kidogo na mabawa ya gari yanapata upepo mchache wa kuligandamiza chini.

Kisha Juni wakaenda Monaco. Mvua ilikuwa inamwagika. Senna alianza wa 13, akawapita mmoja baada ya mwingine kwenye barabara za mtaani ambako kuovateki ni shida hata kukiwa kukavu. Mzunguko wa 19 akampita Niki Lauda, akawa wa pili, na akaanza kula pengo la Alain Prost aliyekuwa anaongoza. Mbio zikasimamishwa na matokeo yakahesabiwa kwa mizunguko 31 tu. Prost akapewa ushindi, lakini kwa kuwa mbio hazikufika mbali, kila mtu akapewa nusu ya pointi zake. Mwisho wa mwaka Prost aliukosa ubingwa kwa nusu pointi. Senna alipanda jukwaani mara mbili zaidi msimu ule, Brands Hatch, Uingereza, na Estoril, Ureno.

Mfano wa karibuni ni Isack Hadjar, Mfaransa mwenye wazazi wa Algeria, aliyeshika nafasi ya tatu pale Zandvoort, Uholanzi, Agosti 2025. Siku ile hapakuwa na mvua ya kumbeba. Alianza wa nne na akashikilia nafasi yake kwa nguvu zake, hadi gari lililokuwa la pili lilipoharibika naye akapanda jukwaani.

Minardi bado ipo?

Jina halipo, ila timu ipo, na bado iko Faenza. Red Bull waliinunua mwishoni mwa 2005. Mwaka 2006 ikaitwa Toro Rosso, mwaka 2020 AlphaTauri, na leo ni Racing Bulls. Timu hii iliyomaliza miaka yake yote ya Minardi, kuanzia 1985, bila kupanda jukwaani hata mara moja, ilishinda Monza, Italia, mwaka 2008 kwenye mvua, dereva akiwa Sebastian Vettel mwenye miaka 21. Max Verstappen alianzia hapo mwaka 2015 akiwa na miaka 17. Na Hadjar tuliyemtaja hapo juu alikuwa anaendesha gari lao.

Kwa hiyo ulipomwona Alonso bado yuko uwanjani mwaka 2025, na vijana wa Faenza wako nyuma yake au mbele yake, ujue alikuwa anashindana na karakana iliyomfundisha kazi.

Kweli kuna madereva wanaolipia kiti?

Wapo waliokuja na wadhamini wao, ndiyo. Timu ndogo inaishi kwa udhamini na kwa mgawo wa mapato ya mashindano, na mgawo huo unategemea nafasi ya timu mwisho wa mwaka. Ukishika mkia unapata kidogo, ukipata kidogo mwakani unajenga gari dhaifu. Dereva mwenye kampuni nyuma yake anaweza kuiokoa timu isifungwe. Hatuoni sababu ya kumdharau mtu kwa hilo. Swali liwe moja tu: akikaa kwenye gari, anamkaribia mwenzake au hamkaribii?

Tangu 2021 kuna ukomo wa matumizi kwa timu zote, na tofauti ya mbele na nyuma imepungua sana. Ni uamuzi bora kabisa ambao mchezo huu umefanya katika miaka ya karibuni.

Leseni ya Formula 1 inapatikanaje?

Lazima uwe na miaka 18, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Uwe umekusanya pointi 40 za leseni kwenye mashindano ya chini ndani ya misimu mitatu, na uwe umeendesha gari la Formula 1 angalau kilomita 300. Masharti yaliongezwa makali baada ya Verstappen kuingia na miaka 17.

Wageni wa siku hizi wana afueni kuliko wa 2001?

Kwa upande mmoja ndiyo. Kuna mashine za kuigiza uendeshaji, kuna majaribio ya magari ya miaka ya nyuma, na kila timu inalazimika kuwapa wageni baadhi ya mazoezi ya Ijumaa. Kwa upande mwingine, majaribio ya magari ya msimu huohuo yamebanwa sana. Zamani timu tajiri ilizunguka uwanjani wiki nzima; Minardi hawakuwa na hela ya kufanya hivyo, basi Alonso alijifunzia kwenye mbio zenyewe.

Mgeni akikosea sana mwanzoni, ndiyo basi tena?

Hapana, na tunaomba watu wapunguze maneno makali. Hadjar aligonga ukuta Melbourne 2025 kwenye mzunguko wa kupasha matairi, kabla mbio hazijaanza. Alitoka ndani ya gari analia, na dunia nzima ilimwona. Baba yake dereva Lewis Hamilton ndiye aliyemfuata akamkumbatia. Mbio mbili baadaye, Suzuka, akapata pointi zake za kwanza.

Oliver Bearman wa Haas, timu nyingine ndogo, aligonga mazoezini siku hizohizo za Melbourne. Wiki iliyofuata China akamaliza wa nane. Baadaye aliadhibiwa Silverstone kwa kugonga ukuta wa njia ya kuingilia gereji wakati bendera nyekundu ya kusimamisha magari imetolewa, na adhabu zikaendelea kumwandama hadi akawa karibu kabisa na kufungiwa mbio moja. Oktoba, Mexico, akamaliza wa nne. Ukikuta mtu anamtukana kijana wa miaka 20 mtandaoni baada ya mbio moja, mwambie asubiri Oktoba.

Mwanangu anapenda magari. Kijana wa Dodoma anaweza kufika huko?

Tutakuambia ukweli: njia ya Formula 1 inaanzia kwenye gokati utotoni, na inahitaji fedha nyingi na miaka ya kuishi Ulaya. Afrika imetoa bingwa mmoja wa dunia, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, mwaka 1979. Mbio za mwisho za Formula 1 katika bara hili zilifanyika Kyalami mwaka 1993, ingawa Rwanda ilitangaza Desemba 2024 kwamba inaomba kuandaa.

Kwa ukanda wetu, mlango ulio karibu ni rali. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 2021 imerudi kwenye mashindano ya dunia, ikifanyikia Naivasha. Mtoto anayetoka hapa anaweza kwenda kuitazama kwa basi. Na usisahau kwamba nyuma ya kila dereva kuna mafundi, wasanifu na watu wa hesabu. Anayesoma ufundi magari VETA, au hesabu na kompyuta UDOM, anasoma vitu ambavyo timu hizi zinaajiri watu kuvifanya kila siku.

Mbio zinaonyeshwa saa ngapi kwa saa za hapa?

Mbio nyingi za Ulaya zinaanza saa kumi jioni Jumapili, na zinaonyeshwa kwenye chaneli za SuperSport. Ukienda kibanda umiza, fika mapema uongee na mwenye kibanda, maana kukiwa na mechi ya Ligi Kuu ya England au ya Simba na Yanga saa hizo, langalanga haina mtetezi. Wengi wetu tunachanga kifurushi na kukutana nyumbani kwa mmoja. Melbourne ni asubuhi, saa moja kwa msimu wa 2025. Brazil ni saa mbili usiku, Mexico ni saa tano usiku. Las Vegas wanakimbia Jumamosi usiku kwao, ambayo kwetu ni Jumapili saa moja asubuhi. Wanaowahi ibada ya kwanza wawashe marudio mchana.